Daraja la pili England: hesabu za mechi ya paundi milioni 170

Mei 27, 2023, kwenye uwanja wa Wembley jijini London, Luton Town iliishinda Coventry City kwa penalti 6-5 baada ya sare ya 1-1. Kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Deloitte ilikadiria kwamba ushindi huo ungeiingizia Luton paundi za Uingereza zisizopungua milioni 170 katika misimu mitatu.

Sababu ya kiasi hicho kikubwa ni haki za televisheni. Fedha za matangazo ya Ligi Kuu ya England ni nyingi mara kadhaa kuliko zile za daraja la pili, ligi inayoitwa Championship. Ligi hiyo ina timu 24, na kila moja hucheza mechi 46. Msimu huo, mbili za juu zilipanda moja kwa moja, nne zilizofuata ziligombea nafasi moja kwa mtoano, na tatu za mkiani zilishuka.

Katika msimu huo wa 2022/23, Burnley ilitwaa ubingwa kwa pointi 101 na Sheffield United ikawa ya pili kwa pointi 91. Luton ilimaliza ya tatu kwa pointi 80, ikapanda kwa njia ya mtoano.

MTAJI USIO SAWA

Timu hizo hazikuanza na mtaji sawa. Klabu inayoshuka kutoka Ligi Kuu hulipwa fedha za mwavuli, yaani malipo ya kuisaidia isianguke kwa kishindo. Mwaka wa kwanza hupata asilimia 55 ya mgawo wa televisheni ambao kila klabu ya Ligi Kuu hupewa kwa usawa, na mwaka wa pili asilimia 45. Mwaka wa tatu ni asilimia 20, lakini klabu iliyokaa juu msimu mmoja tu haipati fungu hilo.

Burnley na Sheffield United zote zilikuwa na mwavuli. Hata hivyo, Watford na Norwich City nazo walikuwa nao, lakini zilimaliza katikati ya msimamo.

Klabu isiyo na fedha hizo hushindana kwa mishahara na zile zinazozipata, na hapo ndipo hasara huanzia. Kwa hesabu za Deloitte, msimu wa 2021/22 klabu za daraja hilo zililipa mishahara sawa na asilimia 108 ya mapato yao. Maana yake ni kwamba kwa kila paundi 100 zilizoingia, 108 zilitoka kwa mishahara pekee, kabla ya umeme, usafiri na riba.

HASARA KUGEUKA POINTI

EFL, chombo kinachoendesha ligi hiyo, huruhusu hasara isiyozidi paundi milioni 39 katika miaka mitatu. Reading ilipata hasara ya zaidi ya milioni 57 katika hesabu zilizokaguliwa, ikakatwa pointi sita mwaka 2021. Ilikatwa nyingine sita Aprili 2023 kwa kutotimiza mpango wa matumizi iliokubaliana na EFL. Ikashuka daraja kwa pointi 44, wakati Cardiff City ilinusurika kwa pointi 49. Bila adhabu ya mwaka huo, Reading ingekuwa na pointi 50.

Wigan Athletic nayo ilikatwa pointi tatu kwa kuchelewesha mishahara, ikashuka ikiwa ya mwisho.

BAADA YA WEMBLEY

Coventry, iliyokosa kwa penalti moja, iliuza bidhaa zake bora kabla ya Agosti 2023 kwisha. Viktor Gyökeres alikwenda Sporting ya Lisbon, naye Gustavo Hamer, mfungaji wa bao lake pale Wembley, akauzwa kwa Sheffield United.

Luton nayo haikudumu juu. Timu zote tatu zilizopanda zilishuka Mei 2024, Luton ikiwa na pointi 26, Burnley 24 na Sheffield United 16. Mwaka uliofuata Luton, ikiwa na fedha za mwavuli mkononi, ilishuka tena hadi daraja la tatu.

Lakini klabu hiyo, ambayo mwaka 2009 iliondoka kabisa katika madaraja ya EFL baada ya kukatwa pointi 30, ilikuwa imeshapokea fedha zake. Desemba 2024 ilipata kibali cha kujenga uwanja mpya wa watu 25,000, badala ya ule wa zamani unaoingiza takriban 12,000.

Kwa mfanyabiashara, tofauti iko hapo. Luton ilishuka mara mbili baada ya fedha kuingia, ilhali Reading ilitumia kabla hazijaingia. Anayekopa kununua mzigo kwa kutegemea zabuni ambayo haijasainiwa yuko upande wa Reading, hata kama mzigo wenyewe ni mzuri.