Injini Ipi kwa Peugeot ya Marehemu?

Yako magari ambayo katika nchi yetu hayahesabiwi kuwa makuukuu, hata yakiwa na umri wa kumzidi dereva wake. Mbele ya yote ni Peugeot 504. Lilitoka Ufaransa mwaka 1968, likatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya kwa mwaka 1969, kisha likatamba katika Safari Rally: mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Lakini sifa yake kwetu haikutokana na mbio. Ilitokana na zile wagoni ndefu zenye safu tatu za viti zilizochukua abiria na mizigo baina ya Nairobi na miji ya magharibi, na pikapu zilizoendelea kuunganishwa humu humu nchini hadi mwanzoni mwa karne hii.

Wagoni moja ya namna hiyo ingali ikifanya kazi kila siku katika mtaa wa Kisumu Ndogo, Kibera. Mwenyewe amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mjane wake hupika pilau na mahamri ya kuuza. Alfajiri mwanawe mkubwa hupakia masufuria na kuyapeleka kwa wateja, adhuhuri akawachukua wadogo zake kutoka skuli, na jioni akawapeleka madrasa. Gari likilala, kazi ya nyumba nzima hulala. Sasa injini yaanza kutoa moshi wa buluu, na kila wiki yadai chupa ya oili. Mafundi watatu wameulizwa, wakatoa majibu matatu. Wa Kawangware amesema itiwe injini ya dizeli ya Toyota. Wa pili amesema inunuliwe injini nyingine ya Peugeot iliyokwisha kutumika. Wa tatu, mzee wa gereji ya jua kali, amesema hii hii ifunguliwe na ifufuliwe.

Tuanze na moshi, kwa kuwa mama wa nyumbani asiyejua maana yake huuziwa injini asiyoihitaji. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: imepenya kwa kupitia ringi za pistoni zilizochakaa au mipira ya vali iliyokauka. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na mara nyingi dawa yake ni kabureta tu. Moshi mweupe usiokoma, huku maji ya radieta yakipungua, ni gasketi ya kichwa cha silinda au kichwa chenyewe kilichopinda. Kabla ya kauli yoyote ya kubadilisha injini, fundi na apime mgandamizo wa kila silinda kwa kipimo chake, mbele ya mwenye gari, na nambari nne ziandikwe kwenye karatasi. Fundi asiyekuwa na kipimo hicho, au asiyetaka kukitumia, hajafikia daraja ya kutoa fatwa juu ya injini.

Katika wagoni hii silinda mbili zilikuwa chini sana ya wenzake. Kwa hiyo ugonjwa upo kweli.

Shauri la fundi wa Kawangware si la kupuuzwa. Injini za dizeli za Toyota za jamii ya L, kama 3L ya sentimita za ujazo 2,779 na 5L ya 2,986, ndizo zilizobeba matatu za HiAce kwa miaka mingi. Vipuri vyake hupatikana karibu kila penye duka la vipuri, na hakuna gereji isiyozijua. Mtu atendeshaye gari kila siku hutazama hilo kwanza, na ni haki yake. Tatizo ni kwamba injini haikai peke yake. Injini ya petroli ya 504, ile ya sentimita za ujazo 1,971, imelazwa kwa ubavu, na viungo vya kuishikilia vimetengenezwa kwa ulalo huo. Injini iliyosimama wima huhitaji viungo vipya vya kuchomelewa. Tena nguvu hutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma kwa kupitia ndani ya bomba la chuma lililofungwa imara na giaboksi yenyewe, na bomba hilo ndilo linaloizuia ekseli isijipinde. Ukileta giaboksi ya Toyota, bomba hilo halina pa kushika. Ama fundi achonge bamba la kuunganisha injini ngeni na giaboksi ya zamani, ama aliondoe bomba, atie shafti ya wazi, na aitafutie ekseli mikono mipya ya kuishikilia. Wako wanaoifanya kazi hiyo vizuri. Wako pia wanaoifanya kwa kubahatisha, na gari lenye watoto wadogo kiti cha nyuma si mahali pa kujifunzia uchomeleaji.

Ongeza uzito. Dizeli ya chuma cha kusubu hulemea mbele, nazo springi na breki zilihesabiwa kwa mzigo mwengine. Atakayekuambia bei ya injini tu hajakuambia bei ya kazi. Mwulize pia juu ya viungo, bamba, bomba la moshi, radieta, waya na breki, na umwombe aviandike vyote kabla hujatoa shilingi.

Injini za Kijapani za siku hizi, zenye kompyuta, zina jambo jengine. Hizo hununuliwa pamoja na waya zake zote na kompyuta yake, aghalabu kwa kununua nusu nzima ya mbele ya gari iliyokatwa. Ukiletewa injini bila kompyuta yake, umeletewa chuma.

Injini ya mtumba, iwe ya Peugeot au ya Kijapani, iwe imetoka Japani au imepitia majumba ya vipuri ya Sharjah, ni bidhaa iliyofichika tumbo. Hapa sharia ina neno: muuzaji anayeijua aibu ya mali yake ni wajibu wake kuitaja, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana khiari ya kurudisha. Lakini khiari isiyoandikwa ni taabu kuidai. Basi risiti iwe na nambari ya injini, tarehe, na muda wa majaribio uliokubaliwa. Injini izungushwe kwa mkono, kifuniko cha oili kifunguliwe kutazamwa kama kuna utandu mweupe kama maziwa, ambao ni dalili ya maji ndani ya oili. Na ikiwezekana iwashwe ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha moto kabla hujafika.

Nilipokuwa nikiyaeleza haya barazani, Bi huyo aliniuliza swali ambalo hakuna fundi hata mmoja aliyeliuliza: "Sheikh, logibuku ingali na jina la marehemu. Injini hii ikitoka, gari litakuwa la nani?"

Nambari ya injini imo katika kumbukumbu za gari. Ikibadilika, mwenye gari hana budi kuiarifu NTSA, gari likakaguliwe, na kumbukumbu zirekebishwe. Na injini iliyotoka ng'ambo yahitaji karatasi zake za forodha. Anayestahiki kuomba mabadiliko hayo ni mwenye gari. Mwenye gari amefariki. Na baada ya madeni na wasia, gari hilo ni tirka, mali ya warithi wote. Mjane ana thumuni, kwa kuwa marehemu aliacha watoto. Kilichobaki ni cha wengine, na miongoni mwao wamo wawili ambao hawajabaleghe. Kuing'oa injini yenye nambari iliyosajiliwa na kuiuza kwa chuma chakavu, kisha kutia nyingine iliyonunuliwa kwa jina la mwengine, ni kuyachanganya mafungu kabla hayajagawanywa. Siku ya ajali, kampuni ya bima nayo itazitazama nambari zizo hizo.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeziachia Mahakama za Kadhi mirathi ya Waislamu walioridhia. Huko ndiko pa kuanzia, kisha jina la logibuku ligeuzwe, na baadaye ndipo izungumzwe injini ngeni. Najua familia nyingi huogopa njia hiyo kwa kuiona ndefu, wakaendesha gari la marehemu miaka kumi kwa jina la marehemu. Mambo huenda sawa hadi siku ya kuuza, au siku ndugu wanapokosana.

Basi kwa nyumba hii shauri la mzee wa jua kali lina nguvu zaidi, na si kwa sababu ya sharia peke yake. Silinda za injini hii ya 504 ni laina, yaani mikebe ya chuma inayotolewa na kutiwa mipya pamoja na pistoni zake, ikizungukwa na maji. Injini ilibuniwa ifufuliwe. Haina haja ya kuchongwa tumbo lote, na bloku yenye nambari yake hubaki pale pale. Injini yenyewe ilitumika pia katika Peugeot 505, kwa hiyo atafutaye vipuri ana milango miwili ya kubisha. Masharti ni machache lakini hayana msamaha: krenki ipimwe, kichwa cha silinda kipelekwe kwenye karakana ya mashine kikanyooshwe, na kimo cha kila laina juu ya bloku kilingane, la sivyo gasketi haitadumu. Na kwa kuwa petroli yenye risasi iliondoka Kenya kufikia 2006, viti vya vali vitazamwe wakati kichwa kikiwa mezani. Vilivyoliwa vibadilishwe kwa vigumu.

Kuhusu injini ya umeme, ambayo kijana wa nyumba aliitaja kwa shauku: Nairobi kuna walioyageuza magari ya watalii yakaenda kwa betri, na yaenda. Kwa gharama ya betri, si kazi ya mama muuza pilau kwa leo.

Fedha ya ufufuzi itatoka katika biashara ya mjane mwenyewe. Nimemshauri aandike sasa, mbele ya mashahidi wawili, kama ni deni juu ya tirka au ni hiba kwa wanawe, ili thumuni yake isije ikahesabiwa vibaya.

Injini ikikamilika, kilomita 1,000 za mwanzo ziendeshwe kwa upole, bila mzigo mzito na bila kukamia mwendo mmoja, kisha oili imwagwe itiwe mpya, boliti za kichwa zikazwe tena na nafasi za vali zipimwe. Na watakapoteremka Mombasa kwa Idi, wakumbuke kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kabureta iliyopangwa kwa hewa nyepesi ya Kibera itakuwa na uchache wa petroli katika hewa nzito ya pwani, na injini mpya itapata joto. Fundi wa kuirekebisha atafutwe siku ya kufika, kabla ya kuanza kuzungukia jamaa.