Chanuo na Kitana

Mtu akiulizwa tofauti ya chanuo na kitana, aghalabu hujibu kwamba la kwanza ni kubwa na cha pili ni kidogo. Jibu hilo ni sahihi, lakini halielezi kwa nini chombo kimoja kina majina mawili, wala halisemi chombo chenyewe kilikuwa kitu gani.

Maneno haya ni ndugu. Penye *ch* ya Kiunguja, Kimvita mara nyingi husema *t*: mchele ni mtele, macho ni mato, mchanga ni mtanga. Basi *chana* ya Unguja ni *tana* ya Mombasa, na kitana ni chombo cha kutania nywele (asiye mwangalifu asilichanganye na neno *kutana*, ambalo ni jingine kabisa). Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hata hivyo kitana kimeingia humo na *t* yake, kikakaa pamoja na chanuo. Kwa maoni yangu, ngeli ndizo zilizoyapa yote mawili nafasi: *ki-* ilifaa kwa kidogo, na chanuo, machanuo, kwa kikubwa. Neno chanuo limetokana na *chanua*, kama ufunguo ulivyotokana na *fungua*.

Kuchana ni kutenga kitu uzi kwa uzi. Twachana nywele, twachana makuti, na ndizi za mkungu zimegawanyika chana kwa chana. Mchongaji naye huchana mti: meno ya chanuo la mpingo hufuata nyuzi za mti, maana yakikatwa kwa kukingama huvunjika upesi. Meno hayo ni marefu na yameachana, kwa kuwa nywele za kipilipili hazistahimili meno yaliyosongamana.

Lakini ufundi mkubwa ulikuwa katika mpini. Wazaramo na Wakwere, nyuma ya pwani ya Dar es Salaam na Bagamoyo, walichonga machanuo yenye umbo la mwana hiti: kiwiliwili kisicho na mikono, chenye matiti, na kichwa kilichosukwa vishungi. Mwana hiti huyo ndiye aliyepewa mwali aliyewekwa ndani, amwogeshe, ampake mafuta na kumtunza kama mtoto. Kwa hiyo chanuo la namna hii lilikuwa na maneno ya unyago, si pambo tu. Waasante wa Ghana nao huliita chanuo la mti *duafe*, yaani *dua*, mti, na *afe*, kitana. Na sura yake huipiga chapa juu ya nguo za adinkra kuwa alama ya uzuri na utunzaji wa mwanamke.

Haya yote hayaonekani katika orodha ya maneno inayoandika "kitana" na kupita. Mkusanyaji aendaye bara, tuseme Madibira katika Usangu, karibu na nchi za Wahehe na Wabena, asiridhike na jina moja kwa kila lugha. Na aulize jina la meno na la mpini, mti uliotumika, nani aliyechonga na nani aliyepewa, na kitenzi cha kuchana nywele kama ndicho pia cha kupasua ukindu. Awaulize wazee kwanza, kwa maana vijana wamelelewa na vitana vya plastiki, ambavyo hununuliwa dukani pamoja na jina lake la Kiswahili.