Hukumu ya Dar, Mali ya Foshan

Mfanyabiashara wa Kariakoo anafungua kontena kutoka China, anakuta vigae vya daraja la pili ilhali alilipia la kwanza. Anakimbilia kwa wakili: naweza kuwashtaki? Anaweza. Mahakama Kuu Divisheni ya Biashara, iliyoanzishwa mwaka 1999, husikiliza mashauri makubwa ya namna hiyo. Ugumu unaanza hati ya madai ikishasajiliwa.

China hairuhusu nyaraka za mahakama za nje zitumwe kwa mdaiwa kwa posta. Wito hupitia njia za kiserikali, pamoja na tafsiri ya Kichina, na miezi inakatika. Tuseme mdaiwa hakutokea, shauri likasikilizwa upande mmoja, ukashinda. Kukaza hukumu je? Mali ya kiwanda iko Foshan, China, na huko dalali wa mahakama wa Dar es Salaam hana mamlaka. Ethiopia na Misri zina mikataba na China ya kutambuliana hukumu; Tanzania na Kenya hazina.

Ndiyo maana wakili mzoefu huanza kutafuta kifungu cha usuluhishi ndani ya mkataba. Tuzo ya msuluhishi ina nguvu ambayo hukumu yetu haina: Tanzania ilijiunga na Mkataba wa New York wa 1958 wa kutambua tuzo za usuluhishi mwaka 1964, China 1987, Kenya 1989. Mahakama ya China inaweza kuikataa tuzo hiyo kwa sababu chache tu zilizotajwa katika Mkataba huo. Lakini wasuluhishi hulipwa na wadaawa, tena kwa kutangulizwa.

Inaniuma kwamba wengi wa wafanyabiashara wetu hawana mkataba kabisa, wana ankara ya proforma iliyotumwa WhatsApp. Itazame vizuri. Jina la Kiingereza lililoandikwa juu si jina la kisheria. Kampuni ya China husajiliwa kwa Kichina, na jina hilo ndilo lililo kwenye muhuri mwekundu wa duara. Omba leseni yake ya biashara yenye namba ya usajili ya tarakimu na herufi 18. Ukiona akaunti ya benki ni ya kampuni nyingine, labda ya Hong Kong, uliza kabla ya kutuma hata senti: siku ya kesi utamdai nani?

Kwa kontena moja, fedha ya wakili ningempa mkaguzi. Aende kiwandani kabla hujalipa asilimia 70 inayobaki baada ya malipo ya awali, afungue maboksi, apime vigae, apige picha. Siku hiyo muuzaji bado anasubiri fedha yako.