Gari Likivuta Tela, Dereva Anahitaji Vioo Virefu



Hapa Kirumba, jijini Mwanza, mizigo haiishi. Dagaa na sangara wakavu huletwa Mwaloni kutoka visiwani. Kutoka hapo hupakiwa kwenye magari na kupelekwa mikoani, na hata Kongo, Rwanda na Burundi. Mitumbwi nayo husafiri nchi kavu. Fundi akimaliza kuunda mtumbwi mbali na maji, lazima upakiwe kwenye tela, uvutwe na gari hadi ufukweni.

Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo katika kazi hiyo. Kitu hicho ni vioo vya pembeni, vile ambavyo madereva huviita saiti mira. Vikundi vingi vikinunua tela huuliza bei ya matairi, bei ya chuma na bei ya kamba. Juu ya vioo hakuna anayeuliza. Matokeo yake, dereva huenda barabarani akiwa kama mtu aliyefungwa kitambaa upande mmoja wa uso.

Kwa nini vioo vya gari havitoshi?

Vioo vinavyokuja na gari vilitengenezwa kwa upana wa gari lenyewe. Vinamwonyesha dereva ubavu wa gari na barabara iliyo nyuma. Sasa funga tela nyuma, halafu weka mtumbwi juu yake. Tumbo la mtumbwi ni pana kuliko pikapu. Dereva akitazama kioo cha pembeni, anaona mbao za mtumbwi tu. Akitazama kioo cha ndani, anaona mbao vilevile.

Nani yuko nyuma ya mbao hizo? Pengine ni mwendesha baiskeli aliyebeba abiria. Pengine ni bodaboda anayetaka kupita. Pengine ni mtoto anayetoka shule. Dereva hawaoni, na wao wanadhani anawaona. Hapo ndipo mtu hupoteza mguu au maisha.

Hatari ni kubwa zaidi gari linapokata kona. Magurudumu ya tela hayapiti pale yalipopita magurudumu ya gari. Hupita ndani zaidi, karibu na kona. Gari likikata kushoto, tela husogea upande ule ule wanaopita wenye baiskeli na waendao kwa miguu. Tena katika nchi yetu dereva hukaa kulia. Kwa hiyo upande wa kushoto, ulio mbali naye, ndio anaouona kwa shida.

Tupime kabla ya kununua

Usiende dukani bila vipimo. Chukua futi kamba, au kamba ya kawaida. Pima upana wa gari. Kisha pima upana wa tela pamoja na mzigo, mahali palipo pana kuliko pote. Usipime tela tupu.

Tuchukue mfano. Gari lina upana wa sentimeta 180. Mtumbwi ulio juu ya tela una upana wa sentimeta 220. Tofauti ni sentimeta 40. Gawa kwa mbili, kwa sababu kuna pande mbili. Utapata sentimeta 20. Maana yake ni kwamba mzigo umetokeza sentimeta 20 kila upande. Basi mkono wa kioo lazima ukitoe kioo nje kupita sentimeta hizo 20. Kioo kikibaki ndani ya kipimo hicho, kitaonyesha mbao tu.

Lakini kioo kisizidi sana. Njia za Mwaloni ni nyembamba, na wabeba mizigo na mikokoteni wanapita karibu na magari. Kioo kilichotokeza mno kitampiga mtu kichwani. Uingereza watu wengi huvuta nyumba za magurudumu ziitwazo karavani wanapokwenda likizo. Sheria yao inataka vioo visitokeze zaidi ya sentimeta 25 kupita ubavu wa karavani. Kipimo hicho kinaweza kutusaidia na sisi. Nunueni vioo ambavyo mkono wake unakunjwa, ili gari likiwa halina tela vikunjwe.

Kioo bapa au kioo cha mbinuko?

Vioo viko vya namna mbili. Kioo bapa kimenyooka kama kile cha kunyolea ndevu. Kinaonyesha kitu kwa ukubwa wake, na dereva anaweza kukisia umbali vizuri. Kasoro yake ni kwamba kinaonyesha sehemu ndogo.

Kioo cha mbinuko kimevimba kidogo katikati, kama mgongo wa kijiko. Kinaonyesha sehemu kubwa zaidi. Kasoro yake ni kwamba vitu huonekana vidogo, na dereva hudhani viko mbali kumbe viko karibu.

Tufanyeje basi? Upande wa kulia kioo kiko karibu na macho ya dereva, kwa hiyo kioo bapa kinaweza kufaa. Upande wa kushoto kioo kiko mbali, na kikiwa bapa kitaonyesha ukanda mwembamba tu wa barabara. Huko kioo cha mbinuko kinafaa zaidi. Dereva azoee jambo moja: pikipiki anayoiona katika kioo hicho iko karibu kuliko inavyoonekana.

Kisitikisike

Kuna vioo vinavyofungwa kwa mikanda juu ya kioo cha gari. Ni vya bei nafuu na hutoka upesi. Kuna vingine vyenye mkono wa chuma, vinavyofungwa kwa bolti mlangoni. Katika barabara ya vumbi yenye mashimo, kioo cha mikanda hulegea na kutikisika. Kioo kinachotikisika hakionyeshi kitu. Baiskeli hugeuka ukungu. Kama gari linavuta tela mara kwa mara, mkono wa chuma wenye miguu miwili ni imara kuliko wa mguu mmoja. Mkishafunga, mwendesheni gari kwenye barabara mbaya, kisha mtazame kama kioo kimebaki mahali pake.

Jaribio la mwisho

Vioo vikishafungwa, msiingie barabarani mara moja. Pelekeni gari na tela lenye mzigo katika uwanja wazi. Dereva akae kwenye kiti chake. Mtu mmoja ahesabu mita 20 kutoka kwa dereva kwenda nyuma. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Hapo asimame usawa wa ubavu wa mzigo, kisha atembee taratibu kwenda pembeni mpaka afike mita 4. Dereva amwone katika kioo safari yote, bila kuinuka wala kuchungulia. Kipimo hiki cha mita 20 na mita 4 pia kinatumika Uingereza kwa wavuta karavani. Fanyeni hivyo pande zote mbili. Dereva akimpoteza mtu huyo, vioo virekebishwe au vibadilishwe.

Dereva akibadilishwa, jaribio lirudiwe. Mtu mrefu na mtu mfupi hawaoni sawasawa katika kioo kimoja.

Kioo hakimwondoi utingo

Tusidanganyane. Hata kioo kizuri hakionyeshi kilicho nyuma kabisa ya tela. Ufukweni akina mama wameanika dagaa, na watoto wanacheza kati ya mitumbwi. Gari likirudi nyuma kuteremsha mtumbwi majini, utingo lazima ashuke. Asimame pembeni, mahali ambapo dereva anamwona katika kioo. Dereva akiacha kumwona, asimamishe gari papo hapo.

Wakulima wa pamba nao wanahusika. Trekta lenye tela la magunia lina shida hiyohiyo. Tena mngurumo wa trekta humzuia dereva kusikia kengele ya baiskeli, kwa hiyo anategemea macho zaidi.

Basi, kikundi kikikaa kupanga bei ya tela, bei ya vioo iandikwe katika karatasi ileile. Mwanachama akisema vioo vingoje msimu ujao, mwulizeni: mtoto wake hupita barabara gani akienda shule?