Goti, Pumzi na Mkojo: Uuguzi wa Mama Anayepewa Magnesiamu

Mama mwenye mimba ya miezi minane anaanguka degedege nyumbani kwake Wazo. Ndugu wanamkimbiza kituo cha afya kilicho karibu, anachomwa sindano, kisha anapakiwa kwenye gari kuelekea hospitali ya rufaa kwa barabara ya Bagamoyo, ambayo ikiwa na foleni haijali king'ora. Anapofika, barua ya rufaa inasema: “Amepewa magnesiamu.” Haisemi kiasi gani, saa ngapi, wala kwa njia gani. Muuguzi anayempokea amewekwa njia panda: akiirudia dozi, huenda akamzidishia, asipoirudia, huenda mama akaanguka tena.

Katika damu ya mtu mzima mwenye afya magnesiamu huwa milimoli 0.7 hadi 1.0 kwa lita. Figo ndizo zinazokilinda kiwango hicho, na karibu ziada yote hutoka kwa mkojo. Kifafa cha mimba ni miongoni mwa hali chache ambazo watabibu huuvunja uwiano huo kwa makusudi. Mama huchomwa magnesiamu salfeti hadi kiwango kifike takriban milimoli 2 hadi 3.5, ambapo degedege huzuiwa. Utafiti wa Magpie, uliochapishwa mwaka 2002 na kuwahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa dawa hii hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mama mwenye dalili za awali kupata kifafa chenyewe. Kwa hiyo kuinyima dawa hii kwa kuiogopa ni kosa kubwa kama kuitoa kiholela.

Hata hivyo, hofu hiyo ina asili yake. Kiwango kikipita milimoli 3.5 na kukaribia 5, mruko wa goti hupotea. Kikipanda zaidi ya hapo, misuli ya kupumua hulegea. Kikizidi sana, moyo husimama. Jambo la heri ni kwamba goti hutangulia. Hupotea kabla ya pumzi, na kulipima hakuhitaji maabara wala umeme.

Ndiyo maana kabla ya kila dozi ya kuendeleza muuguzi hupima mambo matatu. Hugonga chini kidogo ya kifuniko cha goti aone kama mguu unajirusha. Huhesabu pumzi kwa dakika nzima, na zisipungue 16. Hupima mkojo, ambao usiwe chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, na hapo mpira wa mkojo na mfuko wenye alama za vipimo ni wa lazima. Kati ya hayo matatu, mkojo ndio unaopuuzwa zaidi, ilhali ndio unaotabiri. Goti husema dawa imekwisha kuzidi. Mkojo uliopungua husema itazidi, kwa kuwa njia yake ya kutokea imeziba. Kimoja kikikosekana, dozi husubiri na daktari huitwa. Pumzi zikisimama, mama husaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa, huku akichomwa taratibu kwenye mshipa gramu 1 ya kalsiamu glukoneti, yaani mililita 10 za myeyusho wa asilimia 10. Kichupa hicho kikae kando ya kitanda, si kwenye kabati lililofungwa ambalo ufunguo wake umeondoka na mtu wa zamu iliyopita.

Hesabu ya dawa nayo huponza. Myeyusho wa asilimia 50 una gramu 1 katika kila mililita 2. Ili kupata gramu 4 za kuchoma kwenye mshipa, huchukuliwa mililita 8, zikaongezwa mililita 12 za maji ya sindano, na kutolewa polepole, kwa dakika zisizopungua 5. Gramu 10 zinazofuata hugawanywa, 5 kila tako, bila kuzimuliwa. Mama aambiwe mapema kwamba atahisi joto likimpanda mwilini. Asiyeambiwa hudhani anakufa.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kituo kisichoweza kutoa tiba yote kitoe dozi ya kwanza, kisha kimpeleke mama haraka. Dozi hiyo humvusha safari, mradi barua ieleze gramu ngapi, saa ngapi, mshipani au msulini, na hali ya goti wakati wa kuondoka. Ni mstari mmoja tu wa wino.

Upungufu wa magnesiamu hauna kishindo kama hicho. Huwapata wenye kuharisha kwa muda mrefu, watoto wenye utapiamlo mkali, walevi wa kupindukia na wanaotumia kwa miezi mingi dawa za kuongeza mkojo au omeprazoli. Mgonjwa hutetemeka, misuli humkaza, mapigo ya moyo huyumba. Muuguzi aushuku hasa pale potasiamu inapoongezwa kila siku na bado haipandi: bila magnesiamu, figo huendelea kuimwaga.

Kwa familia, neno “kifafa” limeleta madhara yake. Wapo wanaodhani ni ugonjwa wa ukoo au ni mashetani, wakapoteza saa za thamani kwa mganga. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, na uso kuvimba ghafla ni sababu tosha ya kwenda kituoni usiku huohuo. Mama akishajifungua, ndugu wasiharakishe kumchukua. Degedege huweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa, hivyo dawa huendelea kwa saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililokuja baadaye, na kila baada ya saa 4 goti lake litagongwa tena.