Makengeza ya Mtoto Mchanga: Lini Ungoje, Lini Uende Hospitali

Mtoto wa wiki tatu ananyonya. Jicho moja linamtazama mama, jingine limekwenda zake puani. Punde yote mawili yamerudi mahali pake. Bibi atasema ni uchanga tu, na kwa umri huo hajakosea. Misuli sita inayozungusha kila jicho ipo tangu kuzaliwa, ila ubongo bado unajifunza kuiendesha kwa pamoja.

Ruhusa hiyo ina mwisho. Ifikapo miezi minne, macho yawe yanatembea pamoja. Jicho linaloendelea kupinda baada ya hapo lipimwe, hata kama hupinda mara moja moja. Lililopinda muda wote lisisubiri umri huo.

Wengine hudhaniwa tu kuwa na makengeza. Pua ya mtoto mchanga ni bapa, na ngozi ya kope hufunika weupe wa jicho upande wa ndani, basi macho yaliyonyooka huonekana yameelekea puani. Picha ya simu iliyopigwa kwa flashi husaidia. Mtoto aitazame kamera, kisha picha ikuzwe: kidoa cha mwanga kikikaa mahali pamoja katika mboni zote mbili, yaelekea macho yamenyooka. Kikiwa katikati ya mboni moja na pembeni mwa nyingine, kuna jambo. Julius Hirschberg, daktari wa macho wa Ujerumani, alipima hivyo kwa mshumaa katika karne ya 19.

Picha hiyo hiyo yaweza kufichua zito zaidi. Mboni iking'aa nyeupe, huenda ni mtoto wa jicho, au retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Saratani hiyo pia huweza kuanza kwa makengeza. Hapo ni kwenda hospitali mara moja.

Kauli inayoponza wengi ni "akikua yataisha". Ubongo ukiletewa picha mbili zisizolingana, huipuuza moja. Jicho lisilo na kidonda wala ukungu hubaki bila kazi, uoni wake ukadumaa. Hilo ndilo jicho zembe. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliona kwa paka wachanga kwamba jicho lililozibwa mapema hupoteza nafasi yake ubongoni.

Tiba huugeuza mchezo huo: miwani ikihitajika, kisha jicho zuri huzibwa kwa kiraka saa kadhaa kwa siku ili zembe lifanye kazi. Mtoto atalia na kukibandua, na hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa. Upasuaji hunyoosha macho, lakini peke yake haurudishi uoni uliodumaa. Kiraka nacho hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7.

Nchini Tanzania, huduma za macho kwa watoto zipo katika hospitali za KCMC mjini Moshi na CCBRT, Dar es Salaam. Mzazi aende na picha zake za simu, za zamani na za sasa, maana swali la kwanza la daktari litakuwa: jicho lipi, na tangu lini?