Stoki iko depo, lakini si ya kila mtu: namna ya kutenga mali ya kila mteja

Wazia muuguzi mmoja anafika asubuhi kwenye depo ya dawa, boni yake mkononi. Mlango uko wazi, anaona karton za dawa ya malaria zimepangwa mpaka karibu na dari. Magazinye anamujibu: «Dada, dawa iko, lakini si yako.» Muuguzi anakasirika. Anafikiri huyu bwana anatafuta tu rushwa.

Jibu kama hilo linaweza kuwa uongo. Linaweza pia kuwa kweli kabisa. Kinachotenganisha hayo mawili ni maandishi: je, depo inaweza kuonyesha karton hizo ni za nani, na zinangojea nani?

Depo moja, wenye mali wengi

Hapa kwetu mashariki, depo kubwa za dawa, kama ile ya ASRAMES kule Goma, zinalinda mali ya watu wengi kwa pamoja. Kuna dawa zenye depo yenyewe ilinunua ili iuzie hopitali na vituo vya afya. Kuna zingine zenye zililetwa na mipango ya serikali na wafadhili, kwa ajili ya malaria, kifua kikuu ao UKIMWI, na zinapashwa kufika kwa zone za afya zilizochaguliwa. Kivu ya Kaskazini peke yake iko na zone za afya 34, na Ituri 36. Zote zinangojea.

Mashirika ya kiutu nayo yanafanya vilevile. Logistics Cluster, yenye inaongozwa na PAM, inapokea mali ya mashirika mbalimbali ndani ya depo moja, na kila mzigo unaandikwa kwa jina la shirika lenye liliuleta. Hata mfanyabiashara wa simenti wa Butembo anajua jambo hili: mteja amelipa mifuko 100, anasema nitakuja kuchukua juma lijalo. Mifuko bado iko ndani, lakini si ya kuuzwa tena.

Hesabu yenye inadanganya macho

Tuchukue mfano. Depo iko na karton 600 za dawa moja ya malaria. Karton 200 ni za mfadhili, kwa zone fulani tu. Zinabaki 400 za depo yenyewe. Zone ya kwanza imekwisha kuagiza na kulipa karton 250, gari lake litafika siku ya tano. Leo zone ya pili inakuja kuomba 200.

Macho yanaona 600. Lakini zenye ziko huru ni 400 kutoa 250, ni kusema 150. Zone ya pili inapashwa kupewa 150, na ielezwe sababu.

Sasa magazinye akifuata macho, atatoa 200 bila wasiwasi. Siku ya tano gari la zone ya kwanza linafika, limelala njiani siku mbili juu ya matope. Za depo zimebaki 200 tu. Zinakosa 50. Ili asipate aibu, magazinye anachukua 50 kwa mali ya mfadhili na kusema «tutarudisha». Ndiyo mwanzo wa shida. Mwezi wenye kufuata wakaguzi wanahesabu, wanakuta pengo la karton 50, na neno lenye linaandikwa kwa ripoti ni wizi, hata kama hakuna mtu aliyeweka franka moja mfukoni.

Programu inafanya kazi gani?

Programu ya stoki haina uchawi. Kwa kila mali inauliza maswali matatu: ni ya nani, imetengwa kwa nani, na iko wapi ndani ya depo. Kisha inafanya kutoa: yenye iko ndani, kutoa yenye imetengwa, inabaki yenye iko huru. Karani akijaribu kuandika boni kwa mali ya mwengine, programu inamuonyesha kwamba hakuna ya kutoa.

Chukua Odoo, programu yenye ilizaliwa Ubelgiji na inapatikana kwa Kifaransa. Inaruhusu kuandika jina la mwenye mali kwa kila kiasi chenye kiko ndani. Inaruhusu pia kuchagua wakati wa kutenga: mara tu agizo linapokubaliwa, ama kwa mkono wa karani, ama siku chache mbele ya siku ya kutoa mali.

Hapa watu wengi wanauliza: tugawe depo kwa kuta na vibao? Si lazima kila mara. Kama mali ni ileile, karton zinaweza kulala pamoja, majina yanakaa kwa mashini. Lakini mali ya mfadhili yenye haiuzwi, ni vizuri kuiweka pembeni na kuiwekea alama, sababu siku umeme unakatika, mashini haionyeshi kitu.

Kwa dawa kuna jambo lingine: tarehe ya kuisha. Yenye inaisha mbele ndiyo inapashwa kutoka mbele. Ukiacha mteja mmoja atenge loti mpya yote kwa jina lake, wale wengine watabaki na dawa zenye zinakaribia kuharibika. Kwa hiyo depo nyingi zinatenga kwanza hesabu tu, halafu loti inachaguliwa siku ya kutoa.

Kutenga bila tarehe ni kufunga dawa

Hili ndilo swali kubwa kwetu. Zone ya kwanza imelipa, lakini barabara imefungwa na vita. Juma la kwanza, juma la pili, hakuna gari. Huku zone ya pili watoto wanaungua na homa, na karton zinakaa chini ya jina la watu wenye hawawezi kufika. Mashini itaendelea kuzitenga mpaka mwisho wa dunia. Haijui vita, haijui mvua.

Kwa hiyo kila kutenga kunapashwa kuwa na tarehe ya mwisho, na mteja aijue tangu mwanzo. Siku ikifika, depo inamupigia simu. Kama anakubali kungojea stoki ingine, mali inafunguliwa kwa mwengine. Ruhusa hiyo isiwe ya mtu mmoja: wawili watie sahihi, na programu iandike jina na saa. Hapo hakuna atakayesema jina langu lilifutwa usiku.

Usisahau kuweka nakala mbali na depo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 depo za mashirika ya kiutu ziliporwa Goma na Bukavu. Maandishi hayarudishi mali, lakini yanasema ni nani alipoteza nini. Kama mashini moja tu ndiyo yenye inajua, na mashini hiyo nayo imebebwa, kila mtu atadai kwamba mali yake ndiyo ilikuwa nyingi.

Na mwenye depo ndogo?

Kayee inatosha. Chora safu tano: yenye iko ndani, ya nani, imetengwa kwa nani, mpaka siku gani, inabaki ngapi huru. Jaza palepale mali inapoingia ao kutoka, si jioni kwa kukumbuka. Kila mwisho wa mwezi hesabu karton kwa mkono na ulinganishe na kayee. Mtu mwenye hawezi kufuata safu hizi kwa kalamu, programu haitamuokoa.

Na wewe mteja, ukilipa mali na kuiacha depo, usiondoke na maneno matupu. Omba karatasi yenye hesabu yako na tarehe ya mwisho ya kutengewa. Na siku utaambiwa «iko, lakini si yako», uliza bila hasira: imetengwa mpaka lini? Magazinye mwenye anaandika vizuri atakujibu mara moja.